Wino wa Chupa ya Pili

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa ofisi ameniita asubuhi akanipangia mezani chupa tatu za wino mweusi. Hazina nembo, zimebandikwa namba tu: moja, mbili, tatu.

"Wewe ndiye unayelalamika kila siku kuhusu wino," akasema. "Haya, kapime wewe."

"Kila siku" ni kutia chumvi. Nimelalamika mara tatu, na zote nilikuwa na haki. Kiwanda kilichokuwa kinatuuzia wino kimefungwa, stoo zimebaki chupa nne, na sisi wa usajili wa vizazi na vifo bado tunajaza daftari kuu kwa mkono, kwa kalamu ya wino, kama sheria inavyotaka. Vyeti vinatoka kwenye kompyuta, lakini ukitokea ubishi mahakama haitaki kompyuta, inataka daftari. Jina likifutika mle, mwenye jina ana kazi.

Majina ya watengenezaji yako kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi kabatini kwa Mkuu, ili nisimpendelee mtu. Natakiwa nipime masika yote, nitoe ripoti kamili mwisho wa Mei. Nimenunua daftari hili la shule niandikie vipimo. Najijua, nitaandika na umbea.

Jumanne, 5 Machi

Nimekata vipande vya karatasi ile ile ya daftari kuu, nzito, yenye mistari ya kijivu. Kalamu ni moja, nibu ni moja, naiosha kila ninapobadilisha chupa. Kila kipande nakiandika maneno yale yale: "Amezaliwa hai, amesajiliwa leo." Halafu navitundika kwenye uzi nyuma ya kiti changu vikauke. Vikishakauka, kimoja kinalala kwenye kikombe cha maji usiku kucha, kimoja kinakaa dirishani kwenye jua, kimoja kinabanwa katikati ya kurasa nione kama wino utahamia upande wa pili.

Redio alipita akasimama kuangalia. Redio ni karani wa mihuri. Jina tulimpa kwa sababu hazimwi.

"Dada, umeanza kumfulia mwanasesere nguo?"

Nikamwambia aende akapige mihuri yake.

Alhamisi, 7 Machi

Wino wa chupa ya kwanza umechuja wote. Asubuhi nimekuta maji meusi na karatasi nyeupe, kama vile sikuwahi kuandika. Wa tatu haukuchuja, lakini umeganda kwenye nibu. Nimeitikisa kalamu, ikakataa, nikaitikisa tena, ikakubali yote kwa pamoja kwenye blauzi yangu ya krimu. Wa pili umelala majini usiku kucha na haukupoteza hata nukta.

Jumatano, 13 Machi

Mvua ya kwanza. Kulikuwa na foleni ndefu dirisha la vizazi. Kwangu, dirisha la vifo, walikuja watu wawili.

Jumatatu, 18 Machi

Mzee amekuja kuangalia vipande vyangu. Mzee anakaa dirisha la vizazi, mwaka wa thelathini na nne huu, na ndiye aliyenifundisha kazi. Tarehe 31 Mei anastaafu. Watu wote wanajua kwamba kiti chake kitakuwa changu, na dirisha la vizazi ndilo linaloongoza ofisi. Mimi najifanya sijui.

Alishika kipande cha chupa ya pili akakigeuza kwenye mwanga. "Mweusi huu ni mweusi kweli," akasema. "Ule wetu ulikuwa na ubuluu. Huu umetulia."

Mwandiko wa Mzee ni mzuri kuliko wa mtu yeyote niliyewahi kumwona. Anaandika upesi na hajawahi kuacha doa. Nikimsikia amesifu kitu natembea nacho siku nzima.

Ijumaa, 22 Machi

Chupa ya pili, baada ya wiki mbili na nusu. Majini hauchuji. Kwenye jua haujapauka, ingawa jua lenyewe limekuwa la kuombea. Hauhamii ukurasa wa pili, hausambai kwenye nyuzi za karatasi, hauzibi nibu hata ukiiacha wazi wakati wa kunywa chai. Una harufu ya mafuta ya karafuu, nadhani ni ya kuzuia ukungu. Kasoro yake ni moja, unachelewa kukauka. Nimeupima kwa saa, dakika nne. Ni nyingi, lakini dirishani kwangu hakuna anayekimbia. Mtu aliyekuja kuandikisha kifo cha mkewe hukaa hata ukishamaliza. Huniambia alikuwa anapenda nini, aliumwa lini, na mimi namwacha aseme wino ukiwa unakauka.

Jumatatu, 25 Machi

Stoo zimebaki chupa mbili na Mkuu ameingiwa na hofu. Ameniambia nitoe ripoti ya awali leo leo. Nikasema masika hayajafika hata nusu. Akasema masika yatakuta wino umekwisha. Nikaandika ukurasa mmoja: chupa ya pili inafaa.

Akaichana bahasha mbele yangu, akasoma, akanitazama, akasoma tena.

"Huyu si ndiye aliyemwoa dada yako?"

Jina la shemeji yangu lilikuwa pale, na anwani ya nyumba niliyokulia.

"Mkuu, sikujua."

"Najua hukujua. Bahasha ilikuwa na gundi." Alikuwa anacheka. "Ukoo wenu una vipaji."

Mlango ulikuwa wazi, na nje ya mlango alikuwa amesimama nani? Redio, na muhuri mkononi, akijifanya anatafuta kidau cha wino.

Jumapili, 31 Machi

Nimekwenda kwa Dada. Mama alifariki nikiwa na miaka minane. Dada, akiwa na kumi na tisa, alinichukua, akanisomesha, akaolewa huku mimi nikiwa kama sehemu ya mzigo wake. Shemeji hajawahi hata siku moja kunifanya nijione mzigo.

Alinipeleka kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba. Kuna mitungi, vichujio vya kitambaa, na mizani ndogo anayoifunika kwa leso. Miaka minne iliyopita aliacha kazi kiwanda cha uchapaji ili atengeneze wino, na watu wote tukadhani amerukwa na akili. Mimi pia nilidhani hivyo.

"Kwa nini hukuniambia kwamba umepeleka?" nikamuuliza.

"Ningekwambia ungenionea huruma. Nilitaka uuone wino, usinione mimi."

"Na ungeshindwa je?"

"Ningeshindwa, ningerudi hapa kupima upya. Wino hauna shemeji."

Dada alikuwa mlangoni na sinia la chai, akitabasamu mpaka macho yakamwishia. Ofisi nyingine kumi na moja za usajili zinangoja kuona sisi tunachukua wino gani. Tukikubali, nazo zitachukua. Dada ameniambia hilo mara tatu.

Jumatatu, 8 Aprili

Shemeji ameleta chupa ishirini. Mzee amepewa ya kwanza. Mimi naendelea na chupa ile ya namba kwenye daftari langu la vifo, bado ina wino zaidi ya nusu, na nataka kipimo changu kisikatike.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua. Redio ameupa wino jina: "Nipitishie huo wino wa ukoo." Watu wa chumba cha vyeti wamecheka. Nami nimecheka, ili ionekane hainiumi.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua. Nguo hazikauki.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua siku ya tano. Redio ameniuliza, mbele za watu, Shemeji amenikatia ngapi. Nimemwambia akajiulize mwenyewe kwa nini hajui kunyamaza. Sijachukua hata senti, na bado natembea ofisini kama mtu aliyeiba.

Jumatatu, 22 Aprili

Naandika hili kabla hata sijavua viatu.

Paa limevuja Jumamosi au Jumapili, hakuna anayejua. Maji yalishuka ukutani mpaka kwenye rafu ya madaftari. Mzee ndiye aliyefungua mlango asubuhi. Nilipofika nilimkuta amesimama na daftari la vizazi mikononi, limefunguka, na maji yanadondoka kwenye viatu vyake.

Ukurasa una watoto ishirini. Kumi na mmoja walikuwa hawana majina. Namba za mistari zipo, zimepigwa chapa. Mistari ya kijivu ipo. Pale palipokuwa na jina, tarehe, jina la baba na jina la mama, kulikuwa na wingu la kijivu linaloelekea chini ya ukurasa.

"Funga dirisha," Mzee akasema. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Daftari langu la vifo lilikuwa rafu hiyo hiyo, chini yake kidogo. Limelowa zaidi. Nikalifungua nikijua nitakachokiona, na sikukiona. Marehemu wote wapo. Kila herufi iko nilipoiweka, nyeusi, kwenye karatasi iliyovimba kwa maji.

Mkuu akaja, Redio nyuma yake. Mkuu akalitazama daftari moja, akalitazama la pili.

"Hili limeandikwa kwa chupa ipi?"

"Ya majaribio," nikasema.

"Na hili?"

"Zile ishirini," Mzee akajibu.

Halafu Redio, kwa sauti ya chini ambayo kwake ni kama kunong'ona, akasema, "Kumbe sampuli ni sampuli, na mzigo ni mzigo."

Mkuu alitaka nithibitishe. Nikachukua pamba yenye maji, nikagusa neno moja pembeni ya ukurasa mkavu wa Mzee wa tarehe 10. Pamba ikawa nyeusi. Nikagusa ukurasa wangu wa tarehe hiyo hiyo. Pamba ikabaki nyeupe. Nikarudia kurasa tano za huku na tano za kule, na jibu lilikuwa moja.

"Nataka barua yako kabla ya saa sita," Mkuu akasema. "Na iwe barua ya mpimaji, isiwe ya shemeji."

Nimeiandika, kwa chupa yangu ile ile ya majaribio. Ningeweza kuandika kwamba wino wa chupa mpya haulingani na wa majaribio. Hiyo ingetosha. Lakini nilikuwa namsikia Redio upande wa pili wa ukuta, anasimulia, watu wanaguna, na kila neno nililoandika niliona ni laini mno, linanuka undugu. Nikaandika kwamba mtengenezaji "ameuchanganya wino kwa maji na kuuleta ofisini kwa udanganyifu wa makusudi." Nikaweka sahihi. Nilimaliza saa tano na nusu, nikaiacha mezani ikauke, nikaipeleka.

Mkuu aliposoma alinitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwake. Naona aibu kuandika kwamba nilifurahi.

Jumatano, 24 Aprili

Wino wote mpya umefungiwa kabatini. Nakala ya barua yangu imekwenda kwa ofisi zote kumi na moja. Tumerudi kwenye chupa moja ya zamani iliyobaki.

Dada amepiga simu. Hakusalimia. "Umeandika wewe, au wamekuandikia?"

"Nimeandika mimi."

"Basi usije huku kwanza," akasema, akakata.

Jumamosi, 27 Aprili

Sijala vizuri tangu Jumatano. Mvua.

Jumapili, 28 Aprili

Shemeji amekuja. Nilimkaribisha akabaki mlangoni, mwavuli unamchuruzikia miguuni.

"Sikuja kugombana, shemeji," akasema. "Nina swali moja. Zile chupa ishirini, ulipima ipi?"

"Niliyapima maandishi. Ya Mzee yamechuja, yangu hayakuchuja."

"Hilo nimelisikia. Nauliza chupa. Ulifungua chupa ipi, ukachovya kalamu, ukaandika wewe mwenyewe, ukaloweka?"

Nikaanza kumweleza habari ya pamba.

"Hukufungua," akasema. Hakupandisha sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililoniua. "Machi ulichukua wiki mbili na nusu kuniamini bila kunijua. Aprili ulinijua, ukachukua asubuhi moja."

Nikamwambia aingie anywe hata maji. Akasema Dada anamngoja, akaondoka kwenye mvua bila kuufungua mwavuli.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimemwomba Mkuu ufunguo, nikamdanganya kwamba nahesabu chupa. Nimetoa mbili ambazo hazijavunjwa lakiri. Nimeandika vipande, nimevitundika, nimevilaza majini pamoja na cha chupa ya majaribio.

Jumanne, 30 Aprili

Vitatu vyote vizima. Vimelala usiku kucha na maji ni safi, ningeweza kuyanywa.

Nilikaa chini pale pale, kwenye sakafu ya stoo. Wino ni ule ule. Shemeji hakuongeza maji wala hakudanganya mtu, na jina lake liko ofisi kumi na mbili likiitwa la mlaghai, kwa mwandiko wangu.

Jumatano, 1 Mei

Mapumziko. Mvua imepungua. Nimezunguka chumba siku nzima. Wino ule ule, karatasi ile ile, ofisi ile ile. Kwa nini watoto wamefutika na marehemu wamebaki?

Alhamisi, 2 Mei

Nimejua.

Saa nne foleni ya vizazi ilikuwa imefika barabarani, watoto wanalia, akina mama wanapepea karatasi. Kwangu hakukuwa na mtu. Nikageuza kiti nikamtazama Mzee akifanya kazi, kitu ambacho nimekiona miaka kumi na tano bila kukitazama. Anaandika mstari. Bila kuinua macho mkono wa kushoto unachukua karatasi ya kukaushia, ile laini ya pinki, anaikandamiza juu ya mstari, paa, anainyanyua. Mwingine! Anaandika, paa. Mwingine! Ndiyo maana hana doa. Foleni ile angeisubirisha dakika nne kwa kila mtoto, wangemtoa dirishani.

Niliingia stoo nikaandika vipande sita. Vitatu nikavikandamiza papo hapo kwa karatasi ya pinki, vitatu nikaviacha. Vikikauka havina tofauti, weusi ni ule ule kwa macho. Majini vile vitatu vya kwanza vimeachia wingu kabla sijahesabu hadi kumi.

Wino huu unahitaji dakika zake uingie ndani ya karatasi. Mzee alikuwa anaunyonya kabla haujaingia, anaacha kivuli juu juu. Wa zamani ulikuwa wa haraka, ulikubali. Nimekwenda kwenye meza yake alipotoka kula, nikaichukua ile karatasi yake ya pinki. Watoto wote wako pale, majina yamepandana, kinyume.

Na mimi, mpimaji, niliupima wino kwa kuutundika kwenye uzi. Nilifanya kazi ya dirisha langu nikaisahau ya dirisha la pili. Sikumuuliza Mzee hata siku moja, "Wewe unakausha vipi?" Na zile dakika nne nilikuwa nimeziandika mwenyewe kwenye daftari hili.

Ijumaa, 3 Mei

Nimemwambia Mzee baada ya madirisha kufungwa. Nilimwekea vipande sita na bakuli la maji, akavizamisha mwenyewe. Alivitazama muda mrefu.

"Miaka thelathini na nne nakausha hivyo," akasema.

"Najua, Mzee. Kosa ni langu. Ningekuuliza."

"Na mimi ningekwambia nini? Ningekwambia nakausha kama watu wanavyokausha." Alivua miwani. "Mwanangu, wako wangapi?"

Nilikuwa nimeshawahesabu, waliofutika na watakaofutika. "Mia mbili thelathini na wanane."

"Na nina siku ngapi?"

Hakunitaka nijibu. Kanuni ya daftari anaijua kuliko mimi: mstari ulioharibika hurekebishwa na mkono ule ule ulioandika, mbele ya shahidi anayetia sahihi pembeni. Mkono wenyewe ukishastaafu, mstari unakwenda mahakamani, na mzazi atazunguka na mashahidi mwaka mzima kuthibitisha kwamba mwanawe alizaliwa.

"Nenda kwa Mkuu Jumatatu," akasema. "Jina langu litaje."

"Nitataja karatasi ya kukaushia. Ilikuwa kwenye meza zote."

"Nimesema nitaje," akasema, na akaondoka bila kuniaga.

Jumatatu, 6 Mei

Nimesimama mbele ya Mkuu dakika arobaini. Nimemwonyesha vipande, maji, karatasi ya pinki. Alielewa tangu mwanzo, na kadiri alivyoelewa ndivyo uso ulivyozidi kumvimba.

"Barua yako nimeipeleka ofisi kumi na moja na muhuri wangu juu yake. Unataka niwaambie nini? Kwamba karani wangu hakujua kwamba watu hukausha wino?"

"Ndiyo, Mkuu. Hivyo hivyo."

"Na 'udanganyifu wa makusudi' uliupima kwa kikombe kipi?"

Nikampa jibu la kweli. Nilimwambia niliandika ukali ule ili nisionekane nampendelea shemeji yangu. Niliogopa maneno ya watu, nikamtupa mtu ambaye hakunikosea chochote. Mkuu aliniangalia kama anasikia lugha ngeni.

Nimeandika ripoti ya pili, kurasa nne. Wino unafaa. Usikandamizwe kabla ya dakika nne. Barua ya tarehe 22 Aprili haina ukweli, na kosa ni la mpimaji. Mzee nimemtaja kama alivyotaka, kwa mstari mmoja: amefanya kazi yake kama ofisi ilivyomfundisha. Itapelekwa kote ilikokwenda ya kwanza.

Dirisha la vizazi sitapewa. Amepewa Redio.

Jumanne, 7 Mei

Tumeanza. Saa tisa tunafunga, saa tisa na dakika tano Mzee ameshakaa. Mimi nasoma kwenye fomu za hospitali, yeye anaandika, kwa wino wa Shemeji, bila karatasi ya pinki. Nimezikusanya zote nimezitia kwenye pipa. Leo kumi na mbili.

Ijumaa, 10 Mei

Arobaini na tisa jumla. Paa limezibwa kwa turubai. Mvua imerudi na sote wawili tunatazama dari kila baada ya mstari.

Jumatano, 15 Mei

Mstari wa 417 hauna fomu. Mtoto amezaliwa nyumbani, ameandikishwa kwa ushahidi wa jirani, na fomu ya jirani ililowa pamoja na daftari. Limebaki neno "kike". Mzee alilibeba daftari mpaka dirishani akaliinamisha mwanga upite pembeni, akatafuta mkwaruzo wa nibu kwenye karatasi, herufi moja moja. Alisoma, mimi nikaandika kwa penseli, ikatuchukua saa nzima. Alipolipata jina la mama wa mtoto alipiga meza kwa kiganja kama kijana aliyefunga goli.

Ijumaa, 17 Mei

Mia moja na nane. Nimempigia Dada. Simu imeita mpaka ikakata.

Alhamisi, 23 Mei

Mia moja sabini na sita. Mkono wa Mzee umevimba kwenye kifundo. Anauficha chini ya meza, nami najifanya kusoma fomu.

Jumatatu, 27 Mei

Jua. Mia mbili na tano.

Redio amekuja saa tisa, akavuta kiti, akaanza kututafutia fomu bila kusema neno. Nilidhani anaumwa.

Alhamisi, 30 Mei

Mia mbili thelathini na wanane. Mzee ameandika wa mwisho saa kumi na moja kasorobo, akaiweka kalamu chini, na tukakaa wote watatu tukiutazama mstari mpaka ukapoteza unyevu. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee alikunja miwani akauliza kama kuna mtu ana mwavuli wa kumwazima.

Ijumaa, 31 Mei

Mzee ameagwa asubuhi, hotuba mbili na saa ya ukutani. Alasiri Shemeji amekuja kutia sahihi karatasi za kutuletea wino. Ofisi saba kati ya kumi na moja zimekubali. Nne zimejibu kwamba kwa sasa haziko tayari. Mkuu alimwomba radhi kwa niaba ya ofisi, kwa maneno mazuri, akamuuliza kama ana ombi lolote.

"Moja," Shemeji akasema. "Ile barua ya kwanza itolewe kwenye faili."

Mkuu akatikisa kichwa. Kitu kikishaingia kwenye faili hakitoki, hiyo ni kanuni. Ripoti yangu ya pili imebanwa juu yake. Atakayefungua ataikuta hiyo kwanza. Ila ya chini inabaki, kwa miaka yote ambayo ofisi hii itakuwepo.

Akaomba basi aione tu. Mkuu alinituma mimi nilete faili. Nilimfungulia ukurasa, nikasimama pembeni yake, na nikamwona akiusoma mwandiko wangu taratibu mpaka chini. Alipomaliza alilamba kidole gumba, akakiweka juu ya neno "udanganyifu", akasugua. Akasugua tena, kwa nguvu, mpaka karatasi ikaanza kuota manyoya. Akakigeuza kidole akakitazama. Kilikuwa safi.

"Huu uliusubiri ukauke," akasema.

Nilimwambia nisamehe, shemeji. Nilisema kwa sauti, Mkuu akisikia. Aliinamisha kichwa kidogo kama mtu aliyesikia, akafunga faili, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Asante, karani," akasema, akachukua mwavuli wake na kutoka.